Chama cha Jimbo Moja Katika Jukwaa la Taifa Zima

Ndugu msomaji, tuchukulie nchi yenye majimbo kumi na lugha mbili kubwa. Wakati wa uchaguzi mkuu kinatokea chama ambacho hakiweki mgombea hata mmoja nje ya jimbo lake. Kiongozi wake hawezi kuwa Waziri Mkuu hata akishinda kila kiti anachokigombea, wala mwenyewe hautaki uwaziri mkuu. Zaidi ya hayo, shabaha yake ya mwisho ni kulitoa jimbo lake katika nchi hiyo. Je, mtu huyu ana haki ya kusimama kwenye televisheni pamoja na wale wanaoomba kuitawala nchi nzima?

Nchi hiyo ipo, nayo ni Kanada. Chama hicho ni Bloc Québécois, yaani Umoja wa Québec. Na kwa Waislamu wa huko jambo hili si la wanasiasa peke yao, kwani katika jukwaa hilohilo vazi la dada zetu limefanywa hoja ya kutafutia kura.

Yafaa kwanza tuifahamu Québec. Ilikuwa koloni la Ufaransa mpaka Waingereza walipoushinda mji wake mkuu mwaka 1759, na kwa Mkataba wa Paris wa mwaka 1763 Ufaransa ikaiachia moja kwa moja. Wenyeji walikuwa Wakatoliki wasemao Kifaransa, na sheria ya Kiingereza ya siku zile ilimtaka mwenye cheo cha serikali ale kiapo cha kuyakana mambo ya imani ya Kikatoliki. Mwaka 1774 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Québec, likakibadili kiapo hicho ili Mkatoliki aweze kuitumikia serikali bila ya kuikana dini yake. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia.

Québec iliingia katika shirikisho la Kanada mwaka 1867. Karne iliyofuata watu wake walianza kuuliza kama shirikisho hilo lawafaa. Mwaka 1980 walipiga kura ya maoni na karibu asilimia 60 wakakataa kujitenga. Mwaka 1982 Kanada ilipata Katiba mpya ambayo serikali ya Québec haikuikubali. Mapatano ya Meech Lake yalifanywa ili kuiridhisha, lakini yalikufa mwezi Juni 1990 baada ya majimbo mawili kushindwa kuyathibitisha kwa wakati. Hasira ya siku zile ndiyo iliyomfanya Lucien Bouchard, aliyekuwa waziri katika serikali ya shirikisho, aondoke na kuunda Bloc Québécois pamoja na wenzake, chama kilichosimamishwa rasmi mwaka 1991.

Ama swali la nani aingie jukwaani, hilo ni la zamani kuliko Bloc. Mdahalo wa kwanza wa televisheni wa viongozi wa Kanada ulifanywa Juni 1968. Wakubwa watatu walizungumza, na Réal Caouette, ambaye nguvu ya chama chake ilikuwa Québec, akaruhusiwa kuingia katika sehemu ya mwisho tu, kama mgeni aliyefika wakati sahani zinaondolewa. Mwaka 1979 warithi wa chama hicho hawakualikwa kabisa. Hata hivyo walipata viti 6, na serikali ya Joe Clark, iliyokuwa na upungufu wa wabunge, ikawa yawahitaji. Desemba 13 mwaka huohuo wabunge 5 wa chama hicho walijizuia kupiga kura, na serikali ikaanguka kwa kura 139 dhidi ya 133. Ni kweli kwamba hata kama hao 5 wangeiunga mkono, ingepungukiwa na kura moja. Lakini wananchi wa majimbo mengine walikuwa wamepiga kura bila ya kuwaona wala kuwasikia watu ambao serikali ingewategemea.

Jambo kama hilo limeonekana Uingereza pia. Mwaka 2015 wakuu wa vyama vya Uskoti na Wales waliingizwa katika mdahalo wa televisheni, lakini chama cha DUP cha Ireland ya Kaskazini, kilichokuwa na viti 8 bungeni, kikaachwa nje, na mwaka 2017 vilevile. Uchaguzi wa 2017 ulipokwisha, Waziri Mkuu Theresa May alikosa wingi wa wabunge, naye akalazimika kufanya mapatano na DUP hao hao, ambao sasa walikuwa 10. Jimbo lao likaahidiwa nyongeza ya pauni bilioni moja.

Tumrudie Bouchard. Katika midahalo ya mwaka 1993 alialikwa, na wengi nje ya Québec waliona vibaya. Lakini aliyemkaba Waziri Mkuu Kim Campbell kwa swali gumu kuliko yote katika mdahalo wa Kiingereza alikuwa yeye. Alimtaka ataje kiasi halisi cha nakisi ya bajeti ya mwaka ule, akarudia na kurudia, na jibu halikupatikana. Swali hilo lilimhusu mvuvi wa Newfoundland sawasawa na mkulima wa Québec. Basi wale wasemao kwamba mtu wa jimbo moja hana la kuwaambia wengine wapime kwa mfano huo.

Matokeo ya Oktoba 25, 1993 yalikuwa ya ajabu. Bloc ilipata asilimia 13.5 ya kura za nchi nzima, nayo ikachukua viti 54, vyote vya Québec. Chama cha Campbell kilipata asilimia 16, lakini kwa kuwa kura zake zilitawanyika nchi nzima, kiliambulia viti 2. Hivyo Bouchard, mtu aliyetaka kuivunja Kanada, akawa Kiongozi Rasmi wa Upinzani katika Bunge la Kanada. Chama cha Reform cha magharibi, ambacho hakikuweka mgombea hata mmoja Québec, kilimfuata kwa viti 52. Mbona hatusikii sana kwamba Reform nacho kilikuwa chama cha upande mmoja? Kwa maoni yangu, lugha ina sehemu yake hapo.

Ipo hoja ya upande wa pili, na si haki kuifunika. Mwaka 2008 Chama cha Kijani kilipata karibu asilimia 7 ya kura za Kanada yote bila ya kiti hata kimoja, na katika midahalo ya 2011 kiongozi wake akafungiwa mlango kwa sababu hana mbunge. Wakati huohuo Bloc, iliyokuwa na asilimia 10, ilikaribishwa. Mpiga kura wa Kijani aliye Alberta alikuwa na haki ya kuuliza: kwa nini yule wa Québec asikilizwe, nami kiongozi wangu asisikilizwe? Jawabu la haki, naona, lilikuwa kuwaingiza wote wawili. Lakini waliokuwa wakiamua ni makampuni ya televisheni, si sheria. Tume ya Midahalo ya Viongozi iliundwa mwaka 2018, na ndipo masharti yalipoandikwa. Mwaka 2019 chama kilitakiwa kitimize mawili kati ya matatu: kiwe na mbunge aliyechaguliwa, kiweke wagombea katika asilimia 90 ya maeneo ya uchaguzi, au kiwe na asilimia 4 ya kura au tamaa ya kweli ya kupata viti. Bloc huweka wagombea 78 tu, lakini iliyatimiza hayo mengine mawili ikaingia.

Sasa tufike kwenye yale yanayotugusa. Mwaka 2015 mwanamke mmoja mhamiaji alikuwa ameishitaki serikali ya Stephen Harper kwa kumkataza kula kiapo cha uraia akiwa amevaa nikabu. Mwenyewe alikuwa radhi kumwonyesha uso afisa mwanamke faraghani. Mahakama ya Rufaa ilimpa haki Septemba 15, wakati kampeni imepamba moto. Siku tisa baadaye ulifanywa mdahalo wa Kifaransa huko Montréal. Kiongozi wa Bloc, Gilles Duceppe, akasimama upande mmoja na Harper kutaka nikabu ikatazwe, na chama chake kilikuwa kimetoa tangazo lililoonyesha tone la mafuta likigeuka kuwa nikabu. Wengi husema kwamba jambo hili ndilo lililokiangusha chama cha NDP, kilichoipinga marufuku, kwani viti vyake vya Québec vilishuka kutoka 59 hadi 16. Lakini Justin Trudeau naye aliipinga, na akashinda viti 40 katika jimbo hilohilo. Kwa hiyo tusiwabebeshe watu wa Québec wote mzigo wa tangazo moja.

Kuna jambo ambalo wachache walilitazama. Midahalo mitatu mingine ya mwaka ule, ya jarida la Maclean's, ya gazeti la Globe and Mail na ya taasisi ya Munk, haikumwalika Duceppe. Maneno yake juu ya nikabu yalibaki mbele ya wasikilizaji wa Kifaransa. Waliodhani kwamba kumfungia mlango kungeyapunguza nguvu walikosea. Yalisemwa mahali palipokuwa na kura zake, na Waislamu wa Toronto hawakupata kuyasikia yakijibiwa kwa lugha waijuayo.

Juni 2019 serikali ya jimbo la Québec ilipitisha Sheria Namba 21. Sheria hii yawakataza walimu wa shule za umma, polisi na waendesha mashitaka kuvaa alama ya dini wakiwa kazini. Waliokuwa kazini tangu kabla ya sheria waliachwa, mradi wasibadilishe nafasi. Bloc haikuitunga, lakini huitetea. Ndipo ninapomrudisha msomaji kwenye mwaka 1774. Mkatoliki wa Québec aliondolewa sharti la kuiacha dini yake mlangoni ili apate kazi ya serikali. Miaka 245 baadaye, wajukuu wake walimwekea sharti la namna hiyo binti wa Kiislamu anayetaka kufundisha watoto kusoma.

Septemba 9, 2021, katika mdahalo wa Kiingereza, mwongozaji alimwuliza Yves-François Blanchet, kiongozi wa Bloc, kwa nini akana kwamba Québec ina tatizo la ubaguzi na huku azitetea sheria za kibaguzi, akiitaja hiyo Namba 21. Blanchet alikasirika, na Québec nzima ikakasirika pamoja naye. Baraza la Québec likatoa azimio la kuulaani mdahalo huo bila ya kura ya kupinga. Trudeau na Erin O'Toole wakasema swali halikuwa la haki. Bloc ikarudi bungeni na viti 32.

Kwa hakika swali lilikuwa na kasoro. Hukumu ilitangulia, na mtu aliyekwisha kuhukumiwa hujitetea, hajibu. Angeulizwa kwa utulivu: mwalimu huyu avaaye mtandio amemdhuru mwanafunzi gani? Hapo angelazimika kusema neno mbele ya Wakanada wote. Lakini kosa hilo halitokani na kumwalika. Na wale wakuu wa vyama vya nchi nzima waliokimbilia kumtetea hawakuzuiwa na Blanchet kusema lolote juu ya sheria ile. Walichokuwa wakikihesabu ni yale maeneo 78, nayo yangekuwapo hata kama kiti cha Bloc jukwaani kingeachwa kitupu.

Miezi mitatu baada ya mdahalo huo, katika mji mdogo wa Chelsea, mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliondolewa darasani akapewa kazi nyingine kwa sababu ya mtandio wake. Wazazi na wanafunzi walifunga tepe za kijani kwenye uzio wa shule kuonyesha kwamba wako pamoja naye. Mahakama ya Rufaa ya Québec iliiacha sheria isimame mwezi Februari 2024, na Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Kanada ikakubali kuisikiliza kesi hiyo.