Jibu Kabla Tumbo Halijashonwa

Desemba 1809, katika mji mdogo wa Danville, jimbo la Kentucky nchini Marekani, daktari Ephraim McDowell alimpasua tumbo Jane Todd Crawford na kumtoa uvimbe wa ovari wenye uzito wa kilo 10 hivi. Dawa ya usingizi ilikuwa bado haijaingia katika upasuaji. Bi. Crawford alipona na kuishi zaidi ya miaka 30 baada ya siku hiyo. McDowell alikuwa amethibitisha kwamba uvimbe wa ovari unaweza kutolewa, lakini hakuwa na njia ya kujua, akiwa bado ameshika kisu, kama ule ulikuwa saratani au la.

Swali hilo ni zito zaidi kwa ovari kuliko kwa viungo vingi vingine. Mwenye uvimbe wa titi huchomwa sindano, kinyama kikapimwa, na majibu yakatoka kabla hajapangiwa upasuaji. Uvimbe wa ovari unaoonekana haujaenea hauchomwi hivyo, maana ukitobolewa na kumbe ni saratani, seli zake zinaweza kumwagikia tumboni. Kwa hiyo jibu husubiri mpaka siku ya upasuaji yenyewe. Kama uvimbe si wa saratani, kuuondoa peke yake, au pamoja na ovari moja, kwaweza kutosha, na msichana wa miaka 22 akabaki na uwezo wa kuzaa. Kama ni saratani, mara nyingi huondolewa kizazi, ovari zote mbili na utando wa mafuta ulio mbele ya utumbo, na tezi za limfu huchunguzwa. Kiungo kikishakatwa hakirudi.

Mbio za kulipata jibu hilo mapema zilianza karne ya 19 ikielekea ukingoni. Mwaka 1891, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, William Welch aligandisha kinyama cha titi ili akipime wakati William Halsted akiendelea na upasuaji. Majibu yalipokuwa tayari, Halsted alikuwa ameshamaliza kazi. Mwaka 1895, hapo hapo Johns Hopkins, daktari wa magonjwa ya wanawake Thomas Cullen alichapisha njia ya kutumia fomalini kwenye vipande vilivyogandishwa.

Njia iliyoenea ilitoka Rochester, Minnesota. Mwanzoni mwa 1905, daktari wa upasuaji William Mayo alimtaka mtaalamu wake wa patholojia, Louis Wilson, atafute namna ya kuwaambia madaktari kama uvimbe ni saratani mgonjwa akiwa bado mezani. Inasimuliwa kwamba Wilson alianza kwa kuvigandisha vinyama nje ya dirisha, kwenye baridi kali ya Minnesota. Kisha akatumia mashine ya kukatia iliyopozwa kwa hewa ya kaboni dioksidi, akatia vipande rangi ya buluu ya methilini, na ndani ya dakika chache hadubini ikawa na la kusema. Alichapisha njia yake Desemba mwaka huo huo.

Leo kazi hufanyika ndani ya kriostati, kisanduku chenye baridi ya nyuzi 20 hadi 25 chini ya sifuri. Mtaalamu huukagua uvimbe kwa macho na vidole, akitafuta sehemu ngumu au zenye vinundu, na hapo ndipo anapokata. Kinyama hufunikwa kwa ute maalumu na kugandishwa, kikakatwa kwa unene wa sehemu ya mia mbili ya milimita, kikapakwa rangi na kusomwa. Jibu hufika chumba cha upasuaji ndani ya dakika 20 hivi.

Je, linaaminika? Mwaka 2016, tathmini ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, ilikusanya tafiti 38 zenye wanawake zaidi ya 11,000. Jibu la haraka liliposema ni saratani, lilithibitishwa baadaye kwa asilimia 99. Liliposema si saratani, kwa asilimia 94. Tatizo liko kwa uvimbe wa mpakani, ule ambao si salama kabisa wala si saratani kamili: kati ya waliopewa jibu hilo, asilimia 21 walikutwa na saratani baada ya uchunguzi wa kina. Uvimbe wenye ute ndio unaosumbua zaidi, kwa kuwa huwa mkubwa na saratani huweza kujificha kwenye kona moja tu.

Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki huduma hii bado haipo, kwani inahitaji kriostati, umeme wa uhakika na, zaidi ya yote, mtaalamu wa patholojia aliye karibu na chumba cha upasuaji. Lakini historia imetuachia pia njia nyepesi. Mwaka 1927, Leonard Dudgeon na Vincent Patrick wa London walionyesha kwamba seli zilizokwanguliwa kwenye uvimbe mbichi na kupakwa juu ya kioo zinaweza kusomwa papo hapo bila kugandisha chochote.

Kusomesha wataalamu wa patholojia ni kuokoa vizazi vya mabinti zetu. Na kila mwanamke, kabla hajasaini fomu ya ridhaa, ana haki ya kumuuliza daktari wake: uvimbe wangu utapimwa nikiwa mezani? Kama hautapimwa, mtaamuaje cha kukata na cha kuacha?