Dhamana ya Udhaifu: Nafasi za Drafti na Ushindi wa Haraka katika Hoki ya NHL

Mnamo Oktoba 1989 timu ya Toronto Maple Leafs ilimchukua beki Tom Kurvers kutoka New Jersey Devils. Haikutoa fedha wala mchezaji. Ilitoa haki yake ya kuchagua katika raundi ya kwanza ya drafti ya 1991, yaani ile shughuli ya kila mwaka ambapo timu za NHL, ligi kubwa ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, huchagua vijana kwa zamu, walio dhaifu kwa kawaida wakitangulia. Ilipofika Januari 1991 Kurvers alikwishapelekwa Vancouver. Toronto ikamaliza msimu huo ikiwa ya pili kutoka mkiani, na nafasi iliyoiuza ikawa ya tatu katika drafti nzima. New Jersey ikamchagua Scott Niedermayer, beki aliyetwaa nayo Kombe la Stanley, taji la ligi hiyo, mara tatu, 1995, 2000 na 2003, kisha akatwaa la nne akiwa na Anaheim mwaka 2007.

Kisa hiki husimuliwa kama onyo: usiuze kesho yako kwa ajili ya leo. Nadhani kimesomwa vibaya. Kosa la Toronto halikuwa kuuza nafasi, maana nafasi ya drafti ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Kosa lilikuwa kuiuza bila kujua ilikuwa inauza nini. Thamani ya nafasi ya timu hupanda kadiri timu hiyo inavyoshindwa, kwa hiyo anayeuza nafasi yake ya miaka ijayo anauza dhamana juu ya udhaifu wake mwenyewe. Timu yenye nguvu kweli huuza dhamana isiyo na thamani kubwa. Timu inayojidhania tu kuwa na nguvu huuza hazina kwa bei ya makombo. Swali la kama inafaa kutoa nafasi ili kupata msaada wa papo hapo haliwezi kujibiwa kabla ya lile la kwanza: je, timu inajijua?

Hoja ya watunza akiba inastahili kusikilizwa kabla ya kupingwa. Tangu msimu wa 2005–06 NHL ina ukomo wa mishahara, na kijana anayetoka kwenye drafti huanza na mkataba wa bei ya chini unaodumu, kwa walio wengi, miaka mitatu. Kijana akicheza kama nyota huku akilipwa kama mwanafunzi, timu hupata nafasi ya kuwalipa wengine. Ndiyo maana washabiki hushikilia nafasi za drafti kama hati ya shamba. Wahenga wamesema akiba haiozi. Akiba hii lakini huoza, na huoza sana. Drafti ina raundi saba na timu 32, na thamani hushuka kwa kasi kubwa kutoka kwa vijana wachache wa juu, kisha mteremko hulala karibu tambarare. Vijana wengi wanaochaguliwa mwishoni mwa raundi ya kwanza hawawi nguzo ya timu yoyote. Na anayefanikiwa huhitaji miaka kadhaa kukomaa, miaka ambayo nyota wa leo wataitumia kuzeeka.

Hapa kuna utafiti unaosaidia, ingawa haukuhusu hoki. Cade Massey na Richard Thaler walichunguza drafti ya ligi ya NFL, ya mpira wa miguu wa Kimarekani, wakakuta makosa mawili. Kwanza, timu hulipa mno kwa nafasi za juu kabisa za mwaka huu, kwa sababu zinaamini macho yao yanaona vipaji vizuri kuliko yanavyoona kweli. Pili, hudharau nafasi za mwaka ujao kupita kiasi: ukikubali kungoja mwaka mmoja, nafasi ya raundi ya pili huweza kukurudia ikiwa ya raundi ya kwanza. Hakuna benki inayolipa riba ya namna hiyo. Makosa haya mawili huvuta pande tofauti, na sijaona mjadala wa magazeti ya michezo ukiyatenganisha. Anayeuza nafasi ya Juni hii huenda akapata zaidi ya thamani yake. Anayeuza ya miaka miwili mbele karibu kila mara hupunjwa, na kwa nyongeza hajui mwenyewe atakuwa wapi siku hiyo ikifika. Kurvers alinunuliwa kwa nafasi ya drafti ya pili mbele. Si bahati mbaya.

Tazama Ottawa Senators. Mei 2017 walikuwa bao moja tu kutoka fainali. Waliondolewa na Pittsburgh katika mchezo wa saba, muda wa nyongeza wa pili. Novemba mwaka huo wakaingia katika mabadilishano ya timu tatu wakamchukua Matt Duchene kutoka Colorado, na miongoni mwa waliyotoa ilikuwa nafasi ya raundi ya kwanza, yenye sharti: kama ya 2018 ingeangukia juu, wangeweza kuibakiza na kutoa ya 2019. Sharti hilo lilionekana kama ukuta. Lakini mwenye kusoma takwimu za msimu wao wa kawaida wa 2016–17 angeona kwamba timu hiyo ilifungwa mabao mengi kidogo kuliko iliyofunga. Ilikuwa timu ya wastani iliyopata majira mazuri. Msimu uliofuata ilianguka, ikabakiza nafasi yake ya nne ya 2018 na kumchagua Brady Tkachuk. Mwaka 2019 ilishika mkia wa ligi nzima, nafasi ikaenda Colorado, nayo ikamchagua beki Bowen Byram, ya nne tena. Byram alitwaa kombe akiwa Colorado mwaka 2022. Duchene alikwishaondoka Ottawa tangu Februari 2019. Sharti la mwaka mmoja haliwezi kumlinda mtu dhidi ya kujidanganya kwa miaka miwili.

Upande wa pili wa sarafu uko Tampa, na ningependa kukaa hapo kidogo kwa sababu kesi yake hunukuliwa nusunusu. Februari 2020 Tampa Bay Lightning walimpata Blake Coleman kutoka New Jersey kwa kijana Nolan Foote na nafasi ya raundi ya kwanza ambayo wao wenyewe waliipata kutoka Vancouver. Siku chache baadaye wakampata Barclay Goodrow kutoka San Jose, na katika malipo kulikuwa na nafasi yao wenyewe ya raundi ya kwanza ya 2020. Wengi walicheka: raundi ya kwanza mbili kwa wachezaji wa mstari wa tatu! Tampa ikatwaa kombe mwaka huo na mwaka uliofuata. Wasichosema wasimulizi ni mambo mawili. Wachezaji wote wawili walikuwa na msimu mmoja zaidi kwenye mikataba yao, na mishahara yao ilikuwa midogo, ya Goodrow haikufika dola milioni moja. Tampa haikukodi wachezaji wa miezi mitatu. Ilinunua mishahara nafuu ya misimu miwili, ambayo ndiyo faida ileile tunayoitafuta kwa vijana wa drafti, ila hii ilikuja ikiwa imekwishakomaa. Na nafasi yao wenyewe, kwa kuwa walishinda, ikawa ya 31, ya mwisho katika raundi wakati huo.

Mwaka 2022 walirudia kanuni hiyo kwa Brandon Hagel wa Chicago: nafasi mbili za raundi ya kwanza na vijana wawili, kwa mchezaji wa dola milioni moja na nusu aliyebakiwa na misimu miwili baada ya ule. Bei ilikuwa kali, hesabu ilikuwa nzuri. Hatari ya kanuni inayofanikiwa ni kwamba huwa tabia. Februari 2023 Tampa ilimtaka Tanner Jeannot wa Nashville, ikatoa beki Cal Foote na nafasi tano za drafti, mojawapo ya raundi ya kwanza ya 2025. Jeannot alikuwa amefunga mabao 24 msimu wake wa kwanza kamili na matano tu msimu aliouzwa. Tampa ikatolewa raundi ya kwanza na Toronto. Juni 2024 Jeannot akapelekwa Los Angeles kwa nafasi ya raundi ya pili na ya nne. Uongozi ulikuwa uleule na duka lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni kwamba timu ilikuwa imechoka, na iliuza ya mbali.

Kwa nini basi watu wenye akili hufanya hivyo? Sehemu ya jibu ni ajira. Meneja mkuu ambaye mkataba wake unakaribia kuisha hailipi nafasi ya miaka mitatu ijayo kutoka mfukoni mwake. Atailipa mrithi wake. Kwake fimbo ya mbali haiui nyoka, na nyoka ni barua ya kufukuzwa kazi. Wamiliki wanaolalamikia papara ya mameneja wao wangeanza kwa kuangalia mikataba waliyowapa.

Hata hivyo sikubaliani na wanaopima kila biashara kwa kombe peke yake. Columbus Blue Jackets, tangu kuingia ligi mwaka 2000, walikuwa hawajawahi kushinda hata mfululizo mmoja wa mtoano. Mwaka 2019 walikuwa na Artemi Panarin na kipa Sergei Bobrovsky, wote mikataba ikiisha Julai. Busara ya kawaida ilisema wawauze. Wao wakawabakiza na kuongeza, Duchene akiwemo, na kwenye drafti ya mwaka huo wakachagua wachezaji watatu tu. Kisha wakaitoa Tampa, timu iliyoshinda michezo 62, kwa ushindi wa nne bila. Raundi iliyofuata Boston ikawaondoa, na Julai watatu hao wote wakaondoka. Usiache mbachao kwa msala upitao, mtu ataniambia. Lakini klabu ni jamii ya watu wanaokata tiketi, na jamii iliyongoja karibu miaka 20 ilikuwa na haki ya kuona angalau usiku ule mmoja. Kwenye daftari la hesabu nitaandika hasara, nami bado ningeidhinisha.

Boston ni kesi ngumu zaidi, kwa kuwa walifanya sawasawa wakaanguka. Msimu wa 2022–23 walivunja rekodi ya ligi kwa ushindi 65 na pointi 135. Patrice Bergeron na David Krejci walikuwa ukingoni; wote walistaafu msimu ulipokwisha. Kama kuna timu iliyojijua, ni hiyo. Ikatoa nafasi za raundi ya kwanza za 2023 na 2024 kwa Dmitry Orlov, Garnet Hathaway na Tyler Bertuzzi, ikaongoza Florida michezo mitatu kwa mmoja, halafu ikapoteza mchezo wa saba nyumbani, muda wa nyongeza. Wote watatu waliondoka majira hayohayo. Uamuzi ulikuwa sahihi na matokeo yalikuwa mabaya. Anayehukumu uamuzi kwa matokeo atawafundisha mameneja woga tu.

Machi 2025 Boston hiyohiyo, sasa dhaifu, ilimuuza nahodha wake Brad Marchand, umri miaka 36 na majeruhi, kwa Florida Panthers waliokuwa mabingwa. Malipo yalikuwa nafasi ya raundi ya pili, na sharti: kama Florida wangeshinda raundi mbili za mtoano naye akicheza angalau nusu ya michezo, ingekuwa ya raundi ya kwanza. Marchand alifunga mabao 10 katika mtoano ule, sita kati yake kwenye fainali dhidi ya Edmonton. Sharti likatimia, na Florida wakadaiwa raundi ya kwanza wakiwa na kombe mkononi.