Sheila M'Mbijjewe: Jina la Kimeru Lililokaa Juu ya Benki Zetu

Uliza msee yeyote wa Meru au Embu akutajie watu wa pesa anaowajua. Atakupa wanasiasa watatu na mwenye malori. Sasa muulize Sheila M'Mbijjewe ni nani. Kimya. Na huyo, mwenye jina la Kimeru kabisa, alikuwa naibu gavana wa Benki Kuu ya Kenya kuanzia Juni 2015 hadi 2023.

Hakufika pale kwa kelele. Ni mhasibu. Alishughulikia hesabu za Standard Chartered, akakaa pia kwenye Kamati ya Sera ya Fedha, ile inayoamua riba ya Benki Kuu. Yaani kazi ya kusoma makaratasi ambayo wengi wetu tungelala ukurasa wa pili.

Cheki mwaka alioingia. Agosti 2015, Dubai Bank ikafungwa. Oktoba, Imperial Bank, baada ya wakurugenzi wake kupeleka ripoti ya wizi Benki Kuu. Aprili 2016, Chase Bank. Benki tatu ndani ya miezi tisa! Na bima ya amana ilikuwa shilingi 100,000 tu. Kama mamako aliweka 400,000 za kujenga, 300,000 zilibaki zinaning'inia. Bima ilipanda kuwa 500,000 mwaka 2020.

Watu waliuliza Benki Kuu: mlikuwa wapi siku zote? Swali la haki kabisa, maana wizi wa Imperial haukuanza jana yake. Novemba 2015 Benki Kuu ikasimamisha leseni za benki mpya, kwanza zilizopo zinyooshwe.

Na hakuwa mwanamke wa kwanza kwenye kiti hicho cha moto. Mwaka 2006 Jacinta Mwatela alikuwa kaimu gavana wakati Charterhouse Bank ilipowekwa chini ya usimamizi, kwa tuhuma za kutakatisha pesa na kukwepa kodi. Mwaka 2008, akiwa naibu gavana, alihamishiwa wizarani. Akakataa, akaenda zake.

Hii ndiyo sehemu inayonikera. Kila benki iliyoanguka ilikuwa na bodi, wakaguzi, na mikutano yenye chai na mandazi. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza swali mapema, wakati bado kuna kitu cha kuokoa.

Huku kwetu pesa ya kahawa, majani chai, miraa na muguka hupitia sacco. Mkutano wa mwaka ukifika, wazee wanapitisha hesabu kwa kuinua mikono, sisi vijana tunangoja soda. Mwaka huu omba ile karatasi. Uliza nani amekopa nyingi, ni ndugu ya nani kwenye kamati, na kama analipa.

Wakikuita mjuaji, itika.