Dimbani: Ghuba na Msikiti Wake

Kizimkazi, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja, ni vijiji viwili: Mkunguni na Dimbani. Dimbani imejaliwa ghuba ndogo iliyobanwa na majabali ya matumbawe huku na huku. Ngalawa na mashua hutia nanga humo bila shida, na maji yakipwa watoto hucheza mchangani mama zao wakiwaona.

Hatua chache kutoka pwani upo msikiti. Kwa nje hauna la kumsimamisha mpita njia: kuta nyeupe, paa la bati. Hazina yake ni mihrabu. Humo mmechongwa maandishi ya Kiarabu kwa khati ya Kufi, herufi zimechipuza majani na maua ncha zake, nayo yanataja mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Ni miongoni mwa maandishi ya Kiislamu ya kale zaidi yenye tarehe katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Khati yake inashabihiana na ya Siraf, bandari ya Ghuba ya Uajemi. Fundi alitumia tumbawe la baharini, ambalo likiwa bichi hukubali patasi kama mti, kisha hukauka likawa jiwe. Ndiyo maana kona za herufi zingali kali.

Jengo lenyewe si la mwaka huo. Lilijengwa upya kwa sehemu kubwa mnamo 1184 Hijria (1770), na maandishi mengine ubavuni mwa mihrabu yanaeleza hivyo. Kuta zilibadilika, mihrabu ikabaki.

Wenyeji wana historia yao ya mdomo: mfalme Kizi na mwashi wake Kazi, ambao majina yao yaliungana yakawa ya mji. Adui alipotua, mfalme aliomba dua, nyuki wakamfukuza adui huyo. Adui aliporudi mara ya pili, Kizi aliingia pangoni na mlango ukajifunga. Mwanahistoria hataipata habari hiyo ukutani, lakini huko Dimbani ndiyo inayosimuliwa kwanza.

Siku hizi wageni wengi huja kwa ajili ya pomboo wa Ghuba ya Menai, iliyofanywa eneo la hifadhi mwaka 1997. Mashua huondoka asubuhi mapema. Wachache hupita msikitini baadaye, ambako swala haijakoma: viatu huachwa mlangoni, nguo huwa za heshima, na wakati wa swala mgeni hungoja nje.