Muji wa Lubumbashi: nani aliulizwa?

Wandugu, kila padri mwenye kuchunga parokia ya muji, na kila mukatekista mwenye kukusanya wakristo kwa sala ya jioni, anajua kwamba maneno ya kwanza ya watu nyuma ya Misa si maneno ya Katekisimu. Ni robine yenye kukauka, ni mutaro wenye kujaa takataka, ni balabala yenye kukatwa na mvua, ni umeme wenye kuzima kila usiku. Na nyuma ya malalamiko yale kunakuja ulizo moja: tumwambie nani? Ulizo lile si la leo. Katika Lubumbashi lilianza tangu siku za Elisabethville, na ni vizuri wenye kuwa mapadri kesho wajue historia yake, kwa sababu watalikuta linawangojea kwenye mulango wa sakristia.

Muji ulianza mwaka 1910, na shaba ndiyo sababu. Mugodi wa Étoile ulikuwa upande mumoja, muto Lubumbashi upande mwingine, na kwenye muto ule Union Minière ilijenga kiwanda cha kuyeyusha mawe. Mwaka ule ule reli ilifika kutoka Rhodesia, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ilitoka katika tanuru. Emile Wangermée, aliyetawala Katanga kwa jina la Serikali, alipima njia kwa kamba, zikakatana sawasawa kama mistari ya daftari. Katika kipimo kile Wazungu walipata muji. Wafanyakazi weusi walipata mahali pa kulala. Katikati ya hao na hao waliacha pori tupu la mamia ya metre. Waganga walisema ni kwa ajili ya mbu wa malaria, asiruke kutoka nyumba za weusi hata vitanda vya Wazungu. Lakini kila asubuhi boyi na mupishi walivuka pori lile, na hakuna muganga aliyewazuia.

Kunako mwaka 1921 Serikali ilisogeza watu weusi hata Cité Albert, ndiyo Kamalondo ya leo. Nyuma yake ikaja Kenya. Na nyuma ya vita ya 1940-1945, watu walipozidi sana, Katuba na Ruashi. Kila mara mupango ulikuwa umekwisha kufanywa: njia zimepimwa, malupango yamegawanywa, mahali pa robine pamechaguliwa. Mwenye kuhamia alipewa namba yake, basi.

Tusisahau kwamba weusi wa muji ule walikuwa wa namna mbili. Wale wa Union Minière walikaa katika kambi ya kompani. Kompani iliwapa nyumba, mayi, posho, hospitali na shule, na kama paa lilivuja walijua mulango wa kubisha. Wengine wote, maboyi, maseremala, makarani, wachuuzi, walikaa katika sité chini ya Serikali. Mutu wa kambi alichungwa vizuri kuliko mutu wa sité, lakini alichungwa kama mutoto. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi waligoma kwa ajili ya mushahara, na kwenye kiwanja cha mupira cha Elisabethville askari waliwapiga risasi. Makumi ya watu walikufa. Wale waliozoea kupewa walijaribu kuomba kwa sauti kubwa, na jibu likawa lile.

Katika sité Serikali ilijaribu njia nyingine. Kwa dekri ya mwaka 1931 ilianzisha kile walichokiita kwa Kifaransa centre extra-coutumier, maana yake mahali pa watu waliotoka chini ya machifu wa asili. Kulikuwa chifu, washauri, tribunali na sanduku la feza. Ni mara ya kwanza watu weusi walikaa mezani kusema juu ya njia zao. Lakini chifu na washauri waliwekwa na Serikali, na muzungu wa Serikali alisimama pembeni yao. Na hapa sisi watu wa Kanisa tuseme bila haya: Mgr Jean-Félix de Hemptinne, Mubenediktino, aliyekuwa vikari apostoliko wa Katanga, hakuupenda mupango ule, wala hakuficha. Wamisionari wetu walijua sana kujenga shule na hospitali. Wazo la mukristo mweusi mwenye kutawala njia yake mwenyewe lilichelewa kuingia katika vichwa vya wengi wao.

Tufike sasa mwaka 1957, maana pale ndipo fundo la habari. Dekri ya tarehe 26 Marsi 1957 iligawanya miji mikubwa katika makomini, kila moja na baraza na bourgmestre wake. Mwezi wa Desemba watu wa Léopoldville, Elisabethville na Jadotville waliitwa kuchagua washauri. Wanaume tu, wenye miaka 25 na zaidi. Wanawake hawakuulizwa, ingawa ni wao waliosimama kwenye robine tangu alfajiri. Tena bourgmestre aliwekwa na Serikali nyuma ya uchaguzi, na juu ya wote alikaa bourgmestre wa kwanza, muzungu, mutumishi wa Serikali. Komini ilipata mushipi na bendera. Kazi kubwa za muji zilibaki katika mikono ile ile.

Mutu akiulizwa kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na neno analoulizwa halina nguvu ya kuchimba mutaro, atajibu nini? Katika Elisabethville watu walijibu kwa asili yao. Reli iliyofika Port-Francqui mwaka 1928 ilikuwa imeleta watu wengi wa Kasai, na wengi wao walikuwa wamesoma na kushika kazi za ukarani. Matokeo yalipotangazwa, katika makomini mane ya weusi hakuonekana bourgmestre hata mumoja mwenye asili ya Katanga ya kusini. Wengi walikuwa watu wa Kasai. Wenyeji wakaona kwamba wageni wamewatawala kwao. Mwezi wa Oktoba 1958 wakaanzisha Conakat, na Godefroid Munongo akawa mukubwa wake wa kwanza, kisha Moïse Tshombe.

Kule Léopoldville uchaguzi huo huo ulimupandisha mutu ambaye waseminari wanapaswa kumujua kama kaka yao: Joseph Kasa-Vubu, aliyesoma katika seminari kubwa ya Kabwe, akawa bourgmestre wa Dendale. Siku ya kuingia kazini, Aprili 1958, hakuishia kusema juu ya mitaro ya Dendale. Alidai uchaguzi wa inchi nzima na ruhusa ya kujitawala. Nadhani alikuwa na haki. Lakini ni hivi: huku na huku komini ikawa ngazi ya kupandia mambo mengine, na robine ikabaki palepale.

Yaliyofuata munayajua. Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilijitenga, hata Januari 1963. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba wa Kasai walikimbia nyumba zao katika Elisabethville, wakakaa katika kambi iliyolindwa na askari wa ONU. Mwaka 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa tena katika Katanga. Sisemi kwamba kura za 1957 zilizaa mabaya yale yote. Nasema tu kwamba jirani wa avenue moja, wenye kuteka mayi mahali pamoja, hawakupata kuketi siku nyingi wakibishana juu ya mayi yale, mbele ya kufundishwa kubishana juu ya babu zao.

Mwaka 1966 muji uliitwa Lubumbashi. Mwaka 1967 Serikali ilitwaa mali ya Union Minière, na kompani mupya ikaitwa baadaye Gécamines. Kwa muda ilichunga watu wake kama ya zamani. Mugodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, mapato yakaanguka, na kunako 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi waliachishwa kazi kwa malipo ya mara moja. Ndipo mutu wa kambi alipokuwa sawa na mutu wa sité: mulango wa kubisha haukuonekana tena. Mapadri wa parokia zile wanakumbuka ni mulango gani watu walibisha pahali pake.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema kwamba muji na komini vitawaliwe na mabaraza yao vyenyewe. Miaka kumi na saba ilipita bila uchaguzi wa washauri wa komini. Mameya na mabourgmestre waliendelea kuwekwa kutoka juu. Tarehe 20 Desemba 2023 washauri wa komini walichaguliwa mwishoni, lakini katika sehemu tu ya makomini ya inchi. Safari hii wanawake walichagua pia.