Bustani ya Bibi Ryland

Sisi tulioletwa na majaliwa Birmingham tumeizoea Cannon Hill Park, lakini wachache waijuao asili yake. Katika karne ya 19 vibarua wengi wa viwanda vya mji huu waliishi katika nyumba zilizopeana migongo, zisizo na dirisha la nyuma, na vyoo vya pamoja uani. Bustani ya kwanza ya umma, Adderley Park, ilifunguliwa mwaka 1856. Mwaka 1873 Bibi Louisa Ryland, aliyerithi mali ya baba yake, aliwapa watu wa mji ardhi ya Cannon Hill, wala hakutaka iitwe kwa jina lake. Baadaye akatoa na ya Small Heath Park.

Kwetu Unguja nilikua nikiona wazee wakizungumza barazani, na jioni wakipunga upepo Forodhani. Nyumba zetu za hapa hazina baraza. Mzee akishinda ghorofani peke yake wiki nzima, mwili hulegea na moyo husinyaa. Kwangu mimi, bustani ya bibi huyu ndiyo baraza tuliyobakiwa nayo, na kuingia hakuna malipo. Basi mwenye gari na ampitie mzee wa jirani, wende wote.