Uthabiti wa asidi nukleiki katika joto

Ni uwezo wa nyuzi mbili za DNA kubaki zimeshikana halijoto inapopanda. Zikiachana, besi zilizojificha ndani hukutana na maji, na uwezo wa molekuli kubeba joto huongezeka. Ndiyo maana nishati ya kuzitenganisha haibaki ileile katika kila halijoto. Kulipuuza badiliko hilo la uwezo wa kubeba joto, hata likiwa dogo, hupotosha makadirio ya uthabiti.

Huko Kasulu na Kibondo, Tanzania, ambako malaria bado inaumiza watoto mno, mfano wa uthabiti huo umo damuni. Jenomu ya kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, iliyochapishwa mwaka 2002, ni takriban asilimia 80 adenini na thimini, jozi zinazoshikana kwa ulegevu. Hivyo nyuzi zake huachana mapema, na vianzishi (vipande vya DNA) vya kipimo cha PCR huhitaji kuwa virefu zaidi ili vinate.